Boksi la plastiki kwenye njia ya hewa ya injini: kazi yake katika kutuliza kelele za gari

Chini ya boneti ya magari mengi ya petroli, pembeni mwa bomba linalopeleka hewa kwenye injini, huwa pana boksi jeusi la plastiki. Boksi hilo halina waya wa umeme, halipitishi mafuta wala maji, na lina mlango mmoja tu. Kwa kuwa halionekani kufanya kazi yoyote, mara nyingi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa gereji pindi linapopasuka au linapozuia mkono wa fundi kufika anakotaka. Wapo pia madereva wanaoliondoa kwa hiari, wakiamini kuwa linabana pumzi ya injini.

Boksi hilo huitwa rezoneta. Liliwekwa na watengenezaji wa gari kwa lengo la kuzima kelele za hewa inayovutwa na injini kabla hazijafika kwenye masikio ya abiria na ya watu walio kandokando ya barabara. Likiondolewa, gari huendelea kutembea, jambo linalowafanya wengi waamini kuwa halikuwa na faida. Hata hivyo, gari huanza kuvuma linapoongezwa mwendo, na tundu lililoachwa bila kuzibwa ipasavyo huweza kuleta madhara mengine yenye gharama kubwa kuliko bei ya boksi lenyewe.

Injini hupumua, na pumzi yake ina sauti

Watu wengi hudhani kuwa kelele zote za injini hutoka kwenye bomba la moshi. Ukweli ni kwamba injini ina midomo miwili: mmoja wa kutolea moshi nyuma ya gari, na mwingine wa kuvutia hewa mbele, karibu na taa au grili. Mdomo huo wa mbele nao hupiga kelele, na uko karibu zaidi na dereva.

Injini haivuti hewa kwa mkondo mmoja mtulivu, bali kwa mikupuo. Kila mara vali ya kuingizia hewa inapofunguka, pistoni hushuka na kuvuta hewa kwa ghafla. Vali inapojifunga, hewa iliyokuwa mbioni hugonga mlango uliofungwa na kurudi nyuma. Mivuto na migongano hiyo huzaa mawimbi ya sauti yanayosafiri kinyume na hewa, kutoka kwenye silinda, kupitia bomba na kichujio, hadi nje.

Idadi ya mikupuo hiyo inakokotoleka kwa urahisi. Injini ya mipigo minne yenye silinda nne huvuta hewa mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, sawa na mara 50 kwa sekunde, huvuta hewa mara 100 kwa sekunde. Huo ni mtetemo wa hezi 100, yaani sauti nzito inayofanana na mngurumo wa ngoma kubwa. Kwa mwendo huohuo, injini ya silinda tatu hutoa hezi 75, na ya silinda sita hutoa hezi 150.

Sauti nzito za namna hii ni ngumu kuzizuia. Zulia, sponji na vitambaa vinavyowekwa ndani ya milango na sakafu hupunguza vizuri sauti nyembamba, lakini sauti nzito huvipita kwa urahisi. Ili sponji inyonye sauti ya hezi 100 ipasavyo, ingehitajika iwe nene kiasi cha kujaza sehemu kubwa ya nafasi iliyo chini ya boneti. Kwa sababu hiyo, wahandisi walilazimika kutafuta njia nyingine.

Siri iliyomo katika chupa tupu

Njia hiyo inafahamika kwa kila mtoto aliyewahi kupuliza mdomo wa chupa tupu ya soda. Chupa hutoa mlio mmoja tu. Ikitiwa maji kidogo, mlio hupanda na kuwa mwembamba zaidi. Hewa iliyo ndani ya tumbo la chupa hufanya kazi kama springi, na hewa iliyo shingoni hufanya kazi kama uzito uliofungwa kwenye springi hiyo. Uzito na springi vikisukumwa hucheza kwa kasi moja maalumu, na kasi hiyo ndiyo mlio wa chupa.

Mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, aliyeishi kati ya mwaka 1821 na 1894, ndiye aliyelifafanua jambo hili kwa hesabu. Katika utafiti wake kuhusu usikivu wa binadamu, aliouchapisha kitabuni mwaka 1863, alitumia vyombo vya duara vilivyo wazi ndani, kila kimoja kikiitikia sauti yake peke yake. Akikiweka chombo kimojawapo sikioni, aliweza kuitambua sauti hiyo hata ikiwa imechanganyika na nyingine nyingi. Vyombo hivyo hadi leo hujulikana kwa jina lake, na boksi lililo chini ya boneti ni ndugu yao wa karibu.

Mafundi wa ala za muziki barani Afrika nao wameitumia kanuni hiyo kwa muda mrefu. Wapigaji wa timbila wa jamii ya Wachopi nchini Msumbiji hufunga kibuyu au ganda la tunda chini ya kila ubao wa ala hiyo, kila ganda likichaguliwa ukubwa unaolingana na sauti ya ubao wake.

Kwa nini boksi huzima sauti badala ya kuikuza

Hapa huzuka swali la msingi. Ikiwa kibuyu cha timbila huikuza sauti, inakuwaje boksi la gari liizime? Jibu liko katika mahali chombo kilipowekwa. Kibuyu hupokea mtetemo wa ubao na kuutoa hewani kwa wasikilizaji. Boksi la gari limeunganishwa ubavuni mwa bomba ambamo wimbi la sauti linapita, mfano wa chumba kilicho kando ya ukumbi mrefu.

Wimbi lenye masafa yanayolingana na boksi linapofika kwenye shingo yake, hewa ya shingoni huanza kucheza kwa nguvu. Shinikizo linapopanda ndani ya bomba, boksi huimeza hewa. Linaposhuka, boksi huirudisha. Mchezo huo hufidia mabadiliko ya shinikizo pale shingo inapoungana na bomba, kiasi kwamba karibu hakuna mtetemo unaobaki wa kuendelea mbele kuelekea nje. Sehemu kubwa ya wimbi hurudishwa lilikotoka, na sehemu nyingine hupotea kwa msuguano wa hewa ndani ya shingo.

Ukubwa wa boksi, kwa hiyo, haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Boksi la lita 2 lenye shingo ya kipenyo cha sentimita 3 na urefu wa sentimita 6 huitikia sauti ya takriban hezi 110. Kwa injini ya silinda nne, sauti hiyo hutokea injini inapozunguka karibu mara 3,300 kwa dakika, mwendo ambao dereva huufikia mara nyingi anapoongeza kasi ili kulipita gari jingine. Ili boksi lenye shingo ileile liitikie nusu ya masafa hayo, yaani hezi 55, lazima liwe na ujazo mara nne zaidi, sawa na lita 8. Ndiyo sababu baadhi ya rezoneta huwa kubwa kiasi cha kufichwa ndani ya madigadi au nyuma ya bampa.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwa nini kutoboa au kukata boksi ni sawa na kuliharibu. Tundu jipya hufanya kazi kama shingo ya pili: masafa ya boksi hupanda, kelele iliyokusudiwa kuzimwa hupita bila kizuizi, na nyingine hutoroka moja kwa moja kupitia tundu hilo.

Boksi moja halitoshi kwa kelele zote

Rezoneta ya aina hii ni hodari kwa masafa machache tu. Injini, kwa upande wake, hubadilisha mwendo kila mara na kutoa sauti nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo magari mengi huwa na vifaa viwili au zaidi vinavyosaidiana.

Kifaa cha kwanza ni kasha la kichujio cha hewa. Mbali na kushikilia kichujio, nafasi yake pana hulifanya wimbi la sauti litanuke ghafla linapoingia na kubanwa ghafla linapotoka, na kila badiliko hurudisha sehemu ya sauti nyuma. Kifaa cha pili ni boksi lenye shingo lililoelezwa hapo juu. Cha tatu ni bomba fupi lililozibwa upande mmoja, ambalo huonekana kama tawi lisilofika popote. Wimbi huingia humo, hugonga mwisho na kurudi likiwa limepishana na wimbi jipya linalofika, kisha mawimbi hayo mawili hufutana. Urefu wa bomba hilo huwa robo ya urefu wa wimbi linalolengwa. Kwa sauti ya hezi 300, katika hewa ya nyuzi joto 20 ambamo sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, bomba la takriban sentimita 29 linatosha.

Magari yenye tabo yana mahitaji yake. Magurudumu ya tabo huzunguka kwa kasi kubwa sana na kutoa mlio mwembamba wa mluzi, wenye masafa ya juu zaidi ya mngurumo wa mikupuo ya hewa. Kwa ajili hiyo huwekwa rezoneta yenye vyumba vidogo kadhaa vinavyozunguka bomba, kila chumba kikishughulikia sehemu yake ya mluzi huo.

Hali ya joto nayo huzingatiwa. Sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa ya moto: kutoka takriban mita 331 kwa sekunde katika nyuzi 0 hadi mita 355 katika nyuzi 40. Boksi lilelile, kwa hiyo, huitikia sauti ya juu kidogo siku yenye joto kali. Wabunifu huacha nafasi ya kutosha kwa tofauti hiyo, na gari lililoundwa kwa ajili ya nchi baridi haliwi na sababu ya kuondolewa boksi lake linapofika katika nchi za joto.

Je, kuliondoa huongeza nguvu?

Imani kuwa rezoneta hubana pumzi ya injini hutokana na kutoelewa jinsi inavyounganishwa. Katika boksi la ubavuni lenye mlango mmoja, hewa inayokwenda kwenye silinda haipiti ndani yake. Hupita kando ya mlango wake na kuendelea na safari. Chumba kilicho kando ya ukumbi hakimzuii mtu anayepita ukumbini, na kukibomoa hakuupanui ukumbi.

Kinachobadilika baada ya boksi kuondolewa ni sauti. Injini hunguruma zaidi pindi dereva anapokanyaga mafuta, naye huuchukulia mngurumo huo kuwa ni nguvu mpya. Wakati mwingine hali huwa kinyume kabisa. Iwapo bomba limeachwa wazi ndani ya boneti, injini huvuta hewa iliyokwisha kupashwa joto badala ya hewa ya nje. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito mdogo kwa takriban asilimia 12 ikilinganishwa na hewa ya nyuzi 20 yenye ujazo uleule. Injini hupata oksijeni pungufu, na nguvu yake hushuka.

Madhara hutegemea pia mahali tundu lilipo. Likiwa kabla ya kichujio, tatizo kubwa ni kelele na hewa ya moto. Likiwa baada ya kichujio, vumbi huingia moja kwa moja na kusaga kuta za silinda na pete za pistoni. Likiwa baada ya sensa inayopima hewa, injini hupokea hewa ambayo kompyuta yake haikuihesabu. Mchanganyiko wa mafuta na hewa huharibika, injini huyumba katika mwendo wa chini, na taa ya tahadhari huweza kuwaka kwenye dashibodi. Tundu lililozibwa kwa kitambaa ni hatari zaidi, kwani kikilegea kinaweza kuvutwa ndani.

Hoja moja ya wanaoliondoa ina msingi. Katika baadhi ya magari boksi huwekwa chini sana, na wale wanaovuka mito au barabara zilizofurika huhofia maji kufika kwenye injini kupitia njia hiyo. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa kuwa maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa na huweza kupinda mikono ya pistoni. Hata hivyo, suluhisho ni kupandisha juu mdomo wa kuvutia hewa kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kuepuka kuingiza gari katika maji ambayo kina chake hakijulikani. Kukata boksi na kuacha bomba wazi palepale chini hakuondoi hatari hiyo.

Kelele, afya na sheria

Kelele za gari moja zinaweza kuonekana jambo dogo. Mtaa wenye magari mengi ni jambo tofauti. Mwaka 2018, ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilitoa mwongozo unaopendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 45 wakati wa usiku na desibeli 53 kwa wastani wa mchana, jioni na usiku. Mwongozo huo ulihusisha kelele za muda mrefu na kukatizwa usingizi pamoja na maradhi ya moyo.

Viwango vya magari mapya navyo vimekuwa vikikazwa. Mwaka 1970, nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliruhusu gari dogo la abiria kutoa hadi desibeli 82. Chini ya kanuni zilizopitishwa mwaka 2014, kiwango cha magari mengi ya aina hiyo kimeshuka kwa awamu hadi desibeli 68, ingawa namna ya kupima nayo imebadilika. Katika vipimo hivyo, vinasa sauti huwekwa mita 7.5 kutoka katikati ya njia, na gari hupita likiongeza mwendo. Huo ndio wakati ambapo injini huvuta hewa nyingi zaidi, na ndipo kazi ya rezoneta huonekana. Gari hupimwa likiwa na vifaa vyake vyote. Likinyang'anywa kimojawapo, si gari lilelile lililofaulu kipimo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitambua kelele kuwa ni uchafuzi wa mazingira unaopaswa kuwekewa viwango, na kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo zilitolewa mwaka 2015. Kenya ilitoa kanuni zake za kelele na mitetemo iliyopita kiasi mwaka 2009. Utulivu wa makazi, shule na hospitali ni suala la haki ya jirani, na unalindwa kisheria.

Mambo ya kuzingatia kwa wamiliki wa magari

Kasoro ya rezoneta ina dalili zinazotambulika. Gari huanza kuvuma katika mwendo fulani tu wa injini, hasa linapoongezwa kasi au linapopanda mlima, kisha mvumo hupotea mwendo ukibadilika. Mvumo huo husikika zaidi upande wa mbele. Kelele inayosikika wakati wote na kutokea chini au nyuma ya gari mara nyingi hutokana na bomba la moshi lililotoboka.

Ukaguzi wa awali unaweza kufanywa na mwenye gari, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Ni vyema kulifuata bomba la hewa kuanzia mbele ya gari hadi kwenye kichujio na kutoka hapo hadi kwenye injini, na kuangalia kama kuna boksi lililopasuka, klipu zilizokatika, gundi au utepe uliobandikwa, au tundu lililozibwa kwa kitu kisicho cha asili. Anayenunua gari lililotumika anashauriwa kufanya ukaguzi huu kabla ya kulipa, kwa kuwa boksi lililokosekana ni ishara kuwa njia ya hewa imewahi kuchezewa.

Plastiki ya boksi hukakamaa kutokana na joto la injini na mvuke wa oili, na ufa huanzia mara nyingi kwenye shingo. Ufa mdogo unaweza kuunganishwa kwa kuchomelea plastiki, mradi ukubwa wa boksi na shingo usibadilike. Boksi lililovunjika vibaya linapaswa kubadilishwa kwa lile lenye namba sawa ya kipuri. Boksi la gari jingine, hata likikaa vizuri, linaweza kuwa limepangiwa sauti tofauti. Endapo fundi atalazimika kulitoa ili afikie sehemu nyingine, mwenye gari anayo haki ya kuhakikisha limerudishwa mahali pake kabla ya kuondoka gereji.

Boksi hilo litaendelea kuonekana kama kitu kisicho na kazi, kwa kuwa kazi yake ni sauti ambayo haisikiki. Mwenye gari anayelitunza huwapunguzia kelele abiria wake, majirani anaowapita alfajiri, na mgonjwa aliyelala katika nyumba iliyo kando ya barabara.